Shufaa ya Mnara

Mwezi Julai 2009, katika mnada uliofanyika New York, kampuni ya Ericsson ya Sweden ilinunua kitengo cha mitambo ya simu za mkononi cha Nortel, kampuni ya Canada iliyokuwa imefilisika, kwa dola za Marekani bilioni 1.13. Nokia Siemens Networks, iliyotangulia kutoa ofa ya dola milioni 650, ilishindwa. Siku chache kabla ya mnada, Research In Motion, watengenezaji wa BlackBerry wenye makao yao Waterloo, Ontario, walilalamika hadharani kwamba wamefungiwa mlango. Walisema walikuwa tayari kulipa takriban dola bilioni 1.1, lakini wakawekewa sharti la kutozigusa mali nyingine za Nortel kwa mwaka mzima. Waliitaka serikali yao ilitazame jambo hilo, kwa hoja kwamba elimu hiyo iligharimiwa kwa sehemu na kodi za Wakanada na sasa inaondoka nchini. Serikali haikuuzuia uuzaji. Wanasiasa walilijadili suala hilo kama suala la sera ya uwekezaji tu. Chini yake kuna swali la maadili lililokuwapo kabla ya simu na kabla ya kampuni: mtu anapomuuzia mgeni kilicho chake, ni nani mwingine mwenye haki ya kusema neno, na haki hiyo ameipata wapi?

Swali hilo lina mlango wake katika fiqhi, nao unaitwa shufaa. Watu wawili wana shamba moja lisilogawanywa. Mmoja akiliuza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika aliyebaki ana haki ya kulichukua fungu hilo kutoka kwa mnunuzi kwa bei ileile aliyolipa. Hadithi mashuhuri iliyopokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah inaiweka shufaa katika kisichogawanywa, na kuiondoa pale mipaka inapowekwa na njia kutenganishwa. Wanazuoni wa Kihanafi wameipanua haki hiyo hadi kwa jirani. Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, wanaikomesha kwa mshirika. Biblia nayo ina sheria inayokaribiana na hiyo. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, mtu akiuza sehemu ya ardhi yake kwa sababu ya umaskini, jamaa yake wa karibu anaweza kuja kuikomboa. Sheria hizi mbili hazilingani katika kila jambo, na sitazilazimisha zifanane. Kinachonivuta ni namna zinavyouliza. Hazitosheki kuuliza kama mnunuzi ni mgeni. Zinauliza nani alikuwa na fungu au fungamano na kitu kabla hakijauzwa, na kama yuko tayari kutoa bei yake. Na kwa Mashafii, zinauliza pia kama mshirika alidai haki yake mara tu habari ilipomfikia.

Nikiipima biashara ya mitambo ya simu kwa mizani hiyo, nafikia kauli moja. Kuuzwa kwa kampuni ya namna hii humdhulumu yule aliyekuwa na fungu ndani yake akapuuzwa, na fungu hupatikana kwa kuchangia jasho, fedha au maarifa. Halipatikani kwa kuzaliwa nchi moja na kampuni. Kwa hiyo mauzo kwa mgeni yanaweza kuwa halali kabisa, na mauzo kwa mwenyeji yanaweza kuwa dhuluma tupu. Kelele nyingi zinazopigwa kuhusu bendera ya mnunuzi huwaficha washirika wa kweli, ambao mara nyingi ni watu wadogo.

Nianze na taifa, kwa kuwa ndilo linalodai kwa sauti kubwa zaidi. Nortel ilisajiliwa mwaka 1895 kwa jina la Northern Electric, na kwa miongo mingi ilitengeneza vifaa kwa michoro ya Western Electric ya Marekani, iliyokuwa mbia wake mkubwa. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilipofikia mapatano ya kimahakama na AT&T, mzazi wa Western Electric, kamba hiyo ilikatwa, na ndipo Wakanada walipolazimika kujenga maabara zao wenyewe. Wakajenga kweli, na vizuri. Mwaka 1991 kampuni hiyo, ikiitwa wakati huo Northern Telecom, iliinunua STC ya Uingereza pamoja na maabara zake za Harlow. Katika maabara hizo, mwaka 1966, Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, na mwenzake George Hockham walikuwa wameonyesha kwamba uzi wa kioo kilichosafishwa vya kutosha unaweza kubeba mawasiliano kwa mwanga hadi mbali. Kao alitunukiwa Nobel ya Fizikia Oktoba 2009, mwaka uleule Nortel ilipouzwa vipande vipande. Basi elimu iliyokuwa ikiondoka Canada ilikuwa ya nani? Sehemu ilitoka Marekani, sehemu ilifanyiwa kazi Uingereza na mtu aliyezaliwa China, na sehemu kubwa ilipikwa Ottawa. Mwaka 1991 mgeni mnunuzi alikuwa Canada.

Hata hivyo hoja ya Research In Motion kuhusu kodi siidharau. Mlipakodi aliyegharimia utafiti amechangia, na kwa kanuni niliyoiweka mwenyewe ana fungu. Lakini tazama fungu hilo linampa nini. Linampa haki ya kutaka utafiti uendelee pale ulipolipiwa, haki ya kurudishiwa kiasi fulani cha thamani, haki ya kuulizwa. Halimpi tajiri mwenzake wa nchi moja haki ya kununua badala ya tajiri wa nchi nyingine. Mtengenezaji wa BlackBerry hakuwa mshirika wa Nortel. Alikuwa jirani, na jirani kwa Mashafii hana shufaa. Tena alikuwa jirani mwenye biashara yake ya kulinda. Jina la taifa lilikuwa vazi aliloliazima, na serikali ilipolitazama tu vazi, ilikosa kumwona aliyesimama nyuma.

Washirika wenyewe walikuwa akina nani? Mwaka 2000 Nortel ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 90,000 duniani, na thamani yake ilizidi theluthi ya thamani ya faharasa ya soko la hisa la Toronto. Januari 14, 2009, ilipoomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, wengi wa wafanyakazi hao walikuwa wamekwisha kupunguzwa. Waliobaki na dai zito kuliko wote walikuwa wastaafu, na mamia ya wafanyakazi wa Canada waliokuwa wagonjwa au wenye ulemavu wa muda mrefu, wanaoishi kwa malipo ya kampuni. Malipo yao hayakuwa bima iliyonunuliwa kutoka kampuni ya bima. Yalitoka katika mfuko wa Nortel yenyewe, na mfuko huo haukuwa na fedha za kutosha. Yalikoma Desemba 31, 2010. Mtu aliyekuwa amekaa kazini miaka mingi, akakatwa mshahara kidogo kidogo kwa ahadi kwamba akianguka atabebwa, alianguka na asibebwe. Ikiwa kuna fungu lisilogawanyika katika kampuni ya maarifa, ni hilo. Kila kifaa kilichotoka mikononi mwake kilikuwa na sehemu ya mshahara wake ulioahirishwa.

Sheria haikuliona fungu hilo, na sababu yake ni mizani iliyotumika. Waziri wa viwanda wa Canada, Tony Clement, alieleza kwamba ununuzi wa Ericsson haukufikia kiwango cha kufanyiwa mapitio, kwa kuwa thamani ya mali hizo vitabuni ilikuwa chini ya dola za Canada milioni 312. Vitabuni! Mnunuzi alikuwa ametoa dola za Marekani bilioni 1.13, na bado kwa hesabu ya kisheria kitu kilikuwa kidogo mno kustahili swali. Vitabu vya hesabu huandika majengo, mashine na samani kwa bei iliyopungua kila mwaka. Ujuzi wa mhandisi haumo. Mwaka 2011 hataza za Nortel zipatazo 6,000, yaani hati zake za umiliki wa uvumbuzi, nyingi zikihusu mawasiliano ya simu, ziliuzwa kwa dola bilioni 4.5 kwa muungano wa Apple, Microsoft, Ericsson, Sony, EMC na Research In Motion, wakiishinda Google. Kilichokuwa karibu na bure vitabuni kilikuwa ndicho chenye thamani kuu. Sheria inayopima maarifa kwa kipimo cha samani haiwezi kumwona mwenye fungu katika maarifa, awe mlipakodi au mgonjwa kitandani.

Hapa kisa cha Ruthu, sura ya 4, kinanisaidia kuliko risala nyingi za uchumi. Boazi anamwita jamaa wa karibu zaidi mbele ya wazee langoni na kumwambia kwamba kuna shamba la kukombolewa. Jamaa yule anakubali mara moja. Kisha Boazi anamweleza kwamba pamoja na shamba anamchukua Ruthu, mjane Mmoabi, na jina la marehemu. Jamaa anarudi nyuma. Anaogopa kuuharibu urithi wake mwenyewe. Ujamaa wake ulikuwa wa damu na ulikuwa halali, lakini ulikoma pale mzigo ulipoanza. Ruthu mwenyewe alikuwa mgeni, na ndiye aliyekuwa kipimo cha nani ni jamaa kweli. Katika minada ya Nortel mashamba yaligombewa na hakuna aliyeulizwa kuhusu mjane. Hataza ziliuzwa zikiwa safi, bila deni lolote kufuatana nazo, na madai ya wastaafu na wagonjwa yakabaki katika mabaki ya kampuni, yakisubiri mahakama. Muungano ulionunua ulikuwa na Mkanada ndani yake. Uzalendo wake wa 2009 haukubadilisha chochote kwa wale wagonjwa mwaka 2011.

Mtu wa fiqhi ataniambia kwamba nimevuka mpaka. Shufaa ya Mashafii ni ya ardhi na majengo, si ya bidhaa, sembuse maarifa. Ni kweli, na simtaki kadhi yeyote ahukumu kesi ya hataza kwa mlango wa shufaa. Natafuta sababu iliyo nyuma ya hukumu, na wanazuoni wameieleza kuwa ni kuondoa madhara: mshirika asijikute amefungwa na mtu asiyemchagua, au akitwishwa gharama za kugawana kitu kilichokuwa kimoja. Madhara hayo ndiyo yaliyowapata wafanyakazi wa Nortel. Gharama za kugawana ziliwala hasa: mwaka 2014 mahakama mbili, Toronto na Wilmington katika jimbo la Delaware, zilisikiliza kesi moja kwa pamoja kupitia video ili kuamua fedha zigawanywe vipi kati ya Canada, Marekani na Ulaya, na mgawanyo wenyewe ukaanza mwaka 2017. Mawakili na washauri walikuwa wamelipwa zaidi ya dola bilioni moja. Wastaafu wa Uingereza walisimama upande mmoja wa shauri na wastaafu wa Canada upande mwingine, watu waliochangia mfuko uleule wa maarifa, sasa wakinyang'anyana makombo kwa misingi ya bendera.

Pingamizi zito zaidi ni la wadai. Walioikopesha Nortel fedha nao walichangia. Kuwapa wagonjwa nafasi ya mbele ni kuwanyang'anya wengine, na mkopeshaji anayejua atawekwa nyuma atadai riba kubwa zaidi, hadi kampuni nzuri zikose mtaji. Nakubali kwamba mkopeshaji ni mshirika. Ila ushirika wake umekwisha kulipwa kwa sehemu: riba aliyopokea ilikuwa bei ya hatari, na alikuwa huru kuzitawanya fedha zake katika kampuni ishirini. Mwenye ulemavu hakuwa na miili ishirini ya kutawanya. Hakuwahi kuulizwa kama anataka kuikopesha kampuni yake, na bado ndicho alichokuwa akifanya kila mwezi. Kumtanguliza si hisani. Ni kumrudishia mkopo ambao hakuwahi kuandikiwa riba. Na Ericsson, tuseme haki, haikuwa mwovu katika hadithi hii: iliahidi kuwaajiri watu wasiopungua 2,500 wa kitengo ilichokinunua. Mgeni huyo alibeba mzigo kuliko jirani aliyelalamika.

Kisha kuna usalama. Watu watasema mnara wa simu si shamba la minazi. Anayeujua undani wake anaweza kusikiliza, na ndiyo sababu Marekani iliiweka Huawei katika orodha yake ya vikwazo Mei 2019, na Uingereza ikaamua Julai 2020 kwamba vifaa vyake viondolewe katika mitandao ya 5G kufikia mwisho wa 2027. Hofu hiyo ina msingi na siipuuzi. Lakini ukoo wa muuzaji ni ushahidi dhaifu wa uaminifu wake. Mwaka 2004 na 2005 simu zaidi ya 100 nchini Ugiriki, ikiwemo ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis, zilisikilizwa kwa siri kupitia mitambo ya Ericsson katika mtandao wa Vodafone. Waliofanya hivyo waliingilia sehemu ya programu iliyowekwa kwa ajili ya usikilizaji halali wa vyombo vya dola. Hapakuwa na kampuni yenye jina la kutiliwa shaka. Crypto AG ya Uswisi iliziuzia serikali nyingi mashine za kuficha siri kwa sifa ya nchi isiyofungamana na upande wowote, na mwaka 2020 ikafichuliwa kwamba kwa miongo kadhaa ilikuwa mali ya siri ya majasusi wa Marekani na Ujerumani. Uaminifu hujulikana kwa kukaguliwa, kila mwaka na kila toleo la programu. Nchi inayomkagua mgeni na kumwacha mwenyeji imechagua kudanganywa na wa nyumbani.

Na wakati macho yote yameelekezwa kwenye bendera, ushindani umekufa mahali pengine. Biashara kubwa ya simu ya Marconi ilikwenda kwa Ericsson katika mauzo yaliyotangazwa 2005. Lucent iliungana na Alcatel 2006. Siemens iliingiza mitambo yake katika ubia na Nokia ulioanza 2007, kisha 2013 ikauza nusu yake. Motorola iliuza mitandao yake kwa ubia huohuo 2011. Mwaka 2015 Nokia ikatangaza kuinunua Alcatel-Lucent kwa thamani ya euro bilioni 15.6. Leo anayetaka kujenga mtandao mkubwa wa simu anachagua hasa kati ya Huawei, Ericsson, Nokia, ZTE na Samsung. Na pale Wachina walipopigwa marufuku, wanabaki watatu. Karibu mauzo yote hayo yalikuwa kati ya marafiki, wageni wanaoaminiana, na yakapita. Dini zetu zote mbili zinamlaani anayehodhi chakula ili bei ipande. Sioni kwa nini mtu ahodhiye njia za mawasiliano asiulizwe swali hilohilo, ahodhi kwa kuficha ghalani au kwa kuwanunua wapinzani wake mmoja baada ya mwingine.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuliona jambo hili bila ukungu, kwa sababu moja ya kusikitisha: hatujawahi kumiliki hata mmoja wa watengenezaji hawa. Safaricom ilipoanza majaribio ya 5G nchini Kenya Machi 2021, vifaa vilikuwa vya Nokia na Huawei. Kwetu kila muuzaji wa mnara ni mgeni, na kilio cha taifa lililonyang'anywa hakituhusu. Fungu letu ni la aina nyingine. Ni fedha za kila siku za mamilioni ya watumiaji, ni wahandisi wetu wanaopanda minara hiyo na kuifahamu, ni siri za miamala ya pesa zipitazo humo. Kampuni za simu zenyewe zimekwisha kutufunza. Mtumiaji wa Tanzania au Uganda aliiona Celtel ikiwa Zain, kisha Airtel baada ya Bharti ya India kununua mali za Zain barani kwa dola bilioni 10.7 mwaka 2010, na kila mara alichobadilishiwa mbele ya macho yake ni rangi ya bango. Mwaka 2019 Tanzania ilipopandisha hisa zake katika Airtel Tanzania kutoka asilimia 40 hadi 49, dai lake lilikuwa na uzito kwa sababu serikali ilikuwa mshirika, kampuni ikiwa imechipuka kutoka shirika la umma la simu, TTCL. Lingekuwa na uzito zaidi lau lingetolewa siku ya mauzo, kama shufaa inavyotaka.

Nawaomba wabunge na wadhibiti wetu wa mawasiliano waliandike fungu hili mapema. Mkataba wa kununua mitambo useme nini kinatokea muuzaji akiuzwa: nani atatunza programu, nani ataruhusiwa kuikagua, mafundi waliofunzwa wataajiriwa na nani, na madeni kwa wafanyakazi wa hapa yatafuatana na mali au yataachwa nyuma. Mshirika anayesubiri hadi mnada ufunguliwe amekwisha kuchelewa.

Canada yenyewe imejifunza, kwa mwendo wa pole. Aprili 2023 bunge lake lilikamilisha sheria inayoutanguliza upungufu wa mifuko ya pensheni mbele ya wadai wengine wengi kampuni inapofilisika, ila kwa mifuko iliyokuwapo tayari utekelezaji wake uliahirishwa hadi Aprili 2027. Wastaafu wa Nortel haiwahusu. Mali za kampuni yao zilikwisha kugawanywa.